Nyumba Tuliyoiona Vipande Vipande

Nina daftari la zamani ambamo niliandika habari za nyumba tatu tulizokwenda kutazama, mimi na mke wangu, mwaka ule tulipotafuta mahali pa kukaa mjini Kisii. Ilikuwa miaka ya hamsini. Kila nyumba niliipa ukurasa wake, nikachora mstari katikati, upande mmoja mazuri na upande mwingine mabaya. Nilidhani hivyo ndivyo afanyavyo mtu wa haki. Nikiyasoma leo naona upande wa mazuri niliujaza kwa huruma, na upande wa mabaya niliujaza kwa maneno ya mke wangu. Kama mimi mwenyewe niliona kitu kwa macho yangu, daftari halisemi.

Nieleze kwanza tulikuwa nani. Mimi nilikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali, kazi yangu kubeba barua kutoka mlango huu hadi ule. Shule niliishia darasa la nne kwa watu wa Sabato, nikajua kusoma anwani, na kwa kazi ile hiyo ilitosha. Nilipanga chumba kimoja mjini pamoja na wanaume wawili. Mke wangu alikaa nyumbani, upande wa Nyamira, kwenye boma la baba yangu, akilima wimbi na kutunza migomba. Alikuja kuniona mara moja kwa mwezi, na siku hiyo wenzangu walikuwa wakienda kulala kwa jamaa zao usiku mmoja. Wakiwa na moyo mzuri, hata usiku wa pili. Sina lawama kwao. Chumba kilikuwa chao pia.

Tulikuwa tumeoana miaka mitatu na hatukuwa na mtoto. Watu wa ukoo walianza kusema, kwanza nyuma ya nyumba, halafu mbele ya nyumba. Baba alinyamaza muda mrefu kuliko wote, nami ni lazima niandike hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini siku aliponiita zizini alikuwa amekwisha kukata shauri.

“Ng'ombe hawa wawili,” alisema, akiwaonyesha kwa fimbo, “nimewaweka kwa ajili yako. Nitakutafutia mke wa pili.”

Nilimwambia, “Tata, mimi nataka huyu huyu, ila nikae naye.”

“Utakaa naye wapi? Kwenye chumba cha wanaume watatu?”

“Nitanunua nyumba mjini.”

Alifikiri, akimkuna ng'ombe mmoja shingoni. Kisha akasema kwamba nikipata nyumba, na yeye mwenyewe akaja akaitazama akaikubali, ng'ombe watauzwa niinunue. Nisipoipata kabla ya wimbi kuingia ghalani, ng'ombe hao hao watakwenda kuleta mke. Kwa hiyo kulikuwa na ng'ombe wawili tu, na walikuwa ama nyumba ama mwanamke. Nilimweleza mke wangu. Aliinuka akafunga kitambaa kichwani, akaniuliza nyumba hizo zinatazamwa siku gani.

Zilitazamwa Jumapili. Nyumba nyingi za kuuzwa zilikuwa za Waislamu wa mjini, watu wa biashara. Ijumaa ilikuwa siku yao, Jumamosi ilikuwa yetu sisi wa Sabato, basi Jumapili ikabaki kwa mambo ya dunia, na Wakatoliki walikuja wamechelewa baada ya misa wakilalamika kwamba nzuri zote zimekwisha kutazamwa. Kiwanja kilikuwa cha serikali, hicho hakiuzwi. Kilichouzwa ni kuta, mabati na milango. Dalali alikuwa mmoja, mtu mrefu mwenye mwavuli, mvua iwepo isiwepo. Alifungua madirisha yote ya nyumba, akaweka kiti mlangoni, akawaambia wapita njia, “Karibuni, karibuni. Nyumba iko wazi mpaka adhana ya adhuhuri.”

Nyumba ya kwanza ilikuwa nyuma ya soko. Tulikuta imejaa watu, nami nikakata tamaa, nikidhani wote ni wanunuzi. Baadaye nilielewa kwamba hapana hata mmoja aliyekuja kununua. Walikuja kuona Waislamu wanaishi vipi ndani. Walipapasa pazia, walihesabu sahani zilizopangwa ukutani, walichungulia mtungi. Mama mmoja kutoka Suneka, mwenye kikapu cha ndizi kichwani, alisimama mbele ya kitanda cha nguzo nne akauliza bei.

“Mama, kinachouzwa ni nyumba,” dalali alisema.

“Nyumba ninayo,” alijibu yule mama. “Kitanda ndicho sina.”

Nilicheka na wengine, lakini ukweli ni kwamba mimi pia nilikuwa nimesimama pale pale kwa kitanda. Katika daftari, upande wa mazuri, nimeandika: kitanda kikubwa, nguzo za kuchonga. Halafu nimekifuta, pengine nilipokumbuka kwamba mwenyewe atakwenda nacho. Mke wangu alikuwa ametokea uani akasimama kidogo, akalowesha kidole, akakiinua.

“Jiko liko upande unakotoka upepo,” aliniambia tukiwa njiani. “Moshi wote utalala ndani na sisi.”

Nyumba ya pili ilikuwa pembeni, karibu na makaburi. Dalali alitupokea akiwa ameegemea ukuta wa chumba cha kulala, na hakuachana na ukuta ule muda wote tuliokuwa mle. Nyuma ya mgongo wake alikuwa ametundika mkeka mpya. Nilimwonea huruma, nikafikiri labda ana maumivu ya kiuno. Mke wangu alimwomba kwa heshima amsaidie kufungua dirisha la upande wa pili, na alipojitoa tu, mke wangu akapitisha mkono chini ya mkeka. Mkono ulitoka na tope.

“Huu ni ukuta wa kupumua, dada,” dalali alisema bila kubabaika. “Nyumba isiyopumua huleta kikohozi.”

“Huu haupumui. Huu unalia.”

Kwa nyumba ile niliandika upande wa mazuri: majirani watulivu. Sikuona ni haki kuacha upande mmoja mtupu. Lakini naona niliandika hivyo bila kutaja kwamba majirani wenyewe walikuwa wamezikwa.

Nyumbani walianza kuangalia mashamba. Wimbi lilikuwa limekwisha kubadilika rangi, na shangazi yangu mmoja alikuwa ameonekana akipita kwenye boma fulani karibu na Keroka ambako kuna wasichana wawili. Mke wangu ndiye aliyeniletea habari hiyo, na aliileta kama anavyoleta habari ya mvua.

Nyumba ya tatu dalali alitupeleka Jumapili iliyofuata, na kabla hatujafika akapunguza sauti.

“Hii ni nyumba ya bibi mmoja aliyefiwa na mumewe,” alisema. “Yuko ndani ya eda. Ninyi mnajua eda?”

Nilisema najua, ingawa sikujua. Alieleza kwa ajili ya mke wangu, nami nikasikiliza. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani ya nyumba miezi minne na siku kumi baada ya mume kufa, hatoki, na mwanamume asiye wa jamaa yake hamwoni. Huyu alikuwa amebakiza wiki chache, halafu atakwenda Kisumu kwa binti yake. “Kwa hiyo wewe bwana utaona sebule na baraza,” dalali alisema. “Vyumba vya ndani na uani ataona mkeo.”

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa sebuleni nikitazama pazia jekundu lililofunga ukumbi. Mke wangu alipita chini ya pazia akapotea. Baada ya muda sauti ya mwanamke mtu mzima ilitoka nyuma yake, Kiswahili chake safi, kila neno limesimama mahali pake.

“Mwanangu, unanisikia?”

“Nakusikia, mama.”

“Nakuambia ubaya wa nyumba mwenyewe, usije ukaniapiza nikiwa Kisumu. Bati la uani lina matundu mawili. Mlango wa chumba cha mkono wa kulia unashika wakati wa mvua, lazima uupige teke. Siafu wanapita usiku chini ya kizingiti kila mwaka, hawakai, wanapita tu. Ubaya mwingine siujui.”

Nilisikia aibu kuambiwa kweli nyingi namna ile bila ya mimi kutoa kitu. Nikaona ni haki nami niseme ubaya wangu. Nilimwambia kwamba mimi ni tarishi tu, kwamba fedha sina mpaka baba auze ng'ombe, na kwamba baba atauza akikubali tu. Dalali alinitazama kama mtu anayemtazama mwingine akimwaga maziwa kwa makusudi.

“Basi mlete baba Jumapili ijayo,” sauti ilisema. “Baada ya hapo nitampa muuza nyama mmoja anayeitaka. Yeye hahitaji ruhusa ya mtu.”

Mke wangu alitoka akinukia udi. Aliniambia ukuta ni mkavu, jiko liko upande mzuri, vyumba viwili vya nyuma vina madirisha ya chuma na mbao. Alisema yote hayo haraka haraka, na nilijua kwamba anaitaka, kwa sababu hakutaja kasoro hata moja.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Katika wiki nzima ile sikumwambia baba kwamba mama yule yuko ndani ya eda. Wala sikumwambia mama yule jambo la upande wetu. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tuna sheria nyingi za haya kati ya mkwe na mkwe, mzazi na mtoto, tunaziita chinsoni, na hiyo ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu humo ndani mna kitanda cha mwana. Baba alikuwa shemasi kanisani na alikuwa ameacha pombe na tumbako na mambo mengine mengi ya zamani, lakini hiyo hakuiacha. Nilijua. Nilifikiri tu kwamba kwa kuwa nyumba bado si yangu, basi haya haijaanza kazi. Huo ulikuwa wasiwasi niliojiondolea kwa urahisi sana.

Alikuja Jumapili ile kwa lori la Nyamira, amevaa koti lake la Sabato. Nilimpokea, tukaenda. Mke wangu alitangulia akapita mlango wa uani, kwa sababu yeye naye hakupaswa kukaa karibu na baba mkwe bila sababu. Dalali alikuwa mlangoni na mwavuli wake.

“Karibu ndani, mzee.”

Baba alisimama hatua mbili kutoka kizingitini. Aliniuliza kwa Ekegusii, “Nyumba hii ni ya nani?”

“Ya mama huyu aliye ndani.”

“Na ukiinunua?”

“Itakuwa yangu.”

“Basi mimi siingii.”

Dalali alipoelezwa, alifurahi kama mwalimu aliyeulizwa swali lake analolipenda. “Mzee, sikiliza. Leo nyumba ni ya bibi. Haijauzwa. Ukiingia leo umeingia kwa bibi. Kesho ikiuzwa, usiingie tena. Hapo umekosa nini?”

Baba alijua Kiswahili. Alifundishwa na vita vya kwanza, akibeba mizigo ya jeshi kwenda Tanganyika, na hakukibadilisha tangu siku hiyo. “Mimi kuja hapa tazama nini?” aliuliza.

“Nyumba.”

“Nyumba ya nani?”

“Ya bibi.”

“Hapana. Nyumba ya bibi mimi nafanya nini nayo? Mimi nakuja tazama nyumba ya kijana yangu. Kama ni ya kijana yangu, hapana ingia. Kama si ya kijana yangu, mimi narudi Nyamira.”

Ni kweli kwamba sijasikia mtu akijibu hoja ile mpaka leo. Baba alianza kuizunguka nyumba kwa nje. Alipima kimo cha ukuta kwa fimbo, akapiga hapa na pale akiweka sikio, akakwaruza udongo kwa ukucha akaunusa. Mimi nilimfuata nyuma. Tulipofika chini ya dirisha la chumba cha nyuma alipiga ukuta mara tatu, na mbao za dirisha zilizofungwa nusu zikatoa sauti.

“Nani anabisha hodi ukutani?”

“Mimi,” baba alisema.

“Mlango uko mbele.”

“Mlango nimeona, mama. Mimi hapana ingia.”

“Nyumba yangu ina najisi gani,” sauti ilisema polepole, “hata mgeni akatae kuingia?”

Nilitaka kueleza, lakini baba akanitangulia. “Mama, mimi hapana kataa nyumba yako. Nyumba yako mzuri. Mimi nakataa kitanda ya kijana yangu.”

“Kitanda hakijafika.”

“Kitanda ya kijana iko mbele ya kijana. Kama anataka nyumba, kitanda imekwisha ingia.”

Hapo yule mama alicheka. Si kicheko kikubwa, lakini nilikisikia. Dalali alikuja mbio kutoka mbele, mwavuli chini ya kwapa. “Bibi, eda,” alinong'ona dirishani. “Unazungumza na mwanamume.”

“Eda imenifunga miguu. Mdomo haikunifunga,” alijibiwa. “Na mzee huyu hanioni wala simwoni. Yeye haingii na mimi sitoki. Hapana watu wanaofaana kuliko sisi. Haya, mzee, uliza unachotaka.”

Basi baba akauliza, naye hakuuliza kidogo. Sakafu ni ya nini. Mabati yana umri gani. Maji ya mvua yakianguka uani yanakwenda wapi. Mambo ambayo yule mama aliyajua aliyajibu mwenyewe. Mengine yalikuwa ya kumhusu mke wangu, atapikia wapi, ataanika wapi wimbi lake, na hapo ilikuwa shida, kwa kuwa mke wangu alikuwa mle ndani na hakuweza kumpigia baba mkwe kelele kwa dirisha la chumba cha kulala. Kwa hiyo alimnong'oneza yule mama, na yule mama akatoa sauti.

“Mkwe wako anasema wimbi ataanika juu ya mkeka uani, kuku hawafiki.”

“Chumba hii,” baba aliuliza, “analala nani?”

Minong'ono ilichukua muda mrefu. Nilisikia sauti ya mke wangu, chini sana, lakini maneno sikuyapata. Halafu yule mama akasema kwa nguvu, kama anayesoma tangazo.

“Mzee, nakuuliza na mimi swali moja, kwa sababu mimi ni mgeni kwenu na sina haya ya kwenu. Nimesikia unataka mjukuu.”

Baba aliishusha fimbo.

“Mwanao umemweka hapa Kisii, ndani ya chumba na wanaume. Mke wa mwanao umemweka kwenu Nyamira. Miaka mitatu. Huyo mjukuu unamngojea aje kwa njia ipi? Kwa posta?”

Dalali aligeuka akatazama mtaa. Mimi nilitazama miguu yangu. Mtu aliyelelewa kwetu hawezi kusema maneno yale mbele ya baba na mwana wakiwa wamesimama pamoja, na hata akiwa amekwisha kuyasema mwingine, wale wawili hawawezi kutazamana. Nilifikiri, na hili pia nililiandika, kwamba nyumba imekwenda, ng'ombe wamekwenda, na shangazi yangu ameshinda.

“Na ukileta mke wa pili,” sauti iliendelea, sasa kwa upole, “utamweka wapi? Nyamira huko huko. Utakuwa na wawili wanaongoja posta.”

Baba aliinama akaokota kitu chini, jiwe dogo, akalitazama pande zote. Kisha akaendelea kuizunguka nyumba. Sikujua kama nimfuate. Nilimwacha. Alipita nyuma, akapita upande wa pili, na niliposikia fimbo yake haipigi tena ukuta nilikwenda mbele ya nyumba kumtafuta. Nilimkuta amesimama mbele ya baraza, ule ukuta mfupi wa udongo uliopakwa simenti, unaoanzia mlangoni na kufuata ukuta wa mbele hadi pembeni, umefunikwa na paa lililotoka nje.

“Hii kitu ya nani?” alimwuliza dalali.

“Baraza, mzee. Wageni wa kiume hukaa hapo.”

“Wanangoja kuingia?”

“Wengine wanaingia, wengine hawaingii. Anakaa, analetewa kahawa, anazungumza, anakwenda zake.”

“Hapana ingia kabisa?”

“Kabisa.”

“Na mtu hapana sema huyu mzee amefukuzwa na kijana yake?”

“Mzee,” dalali alisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema bila kuuza, “mimi baba yangu amekaa baraza yangu miaka kumi na mmoja. Sijui kama anajua rangi ya ndani.”

Baba alitandika leso yake juu ya baraza akakaa. Alijisogeza kidogo kushoto, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu. Mtaa mzima ulikuwa mbele yake: soko chini, barabara, watu wakipita na mizigo. Mtu aliyemjua kutoka Marani alipita akamsalimu, naye akajibu bila kuinuka, kama mwenye mahali.

Hakuniangalia alipozungumza. “Yale ya mwisho aliyosema mama,” alianza kwa Ekegusii, “hatutayarudia, mimi na wewe.”

“Ndiyo, tata.”

“Ng'ombe watauzwa Jumatatu.”

Hivyo ndivyo tulivyonunua nyumba. Mke wangu aliiona ndani, na nje hakuizunguka mpaka alipohamia. Mimi niliona sebule na pazia. Baba aliona kuta kwa nje na hakuona kingine maisha yake yote. Yule mama aliondoka kwenda Kisumu siku eda ilipokwisha, mapema asubuhi, ndani ya buibui, nami nilikuwa kazini. Mpaka leo sijui uso wake. Nyumba ilikuwa na ubaya ule ule alioutaja, na mmoja ambao hakuutaja, panya. Pengine hakuwahi kuwaona.

Lazima niwe na haki kwa pande zote. Yule mama alikuwa anauza nyumba, na muuzaji husema mengi. Huenda muuza nyama hakuwapo. Baba naye huenda alikwisha kuamua kabla hajafika, kwa sababu koti la Sabato mtu halivai kwenda kukataa kitu. Na mtoto hakuja mwaka ule, wala uliofuata. Alikuja mwaka wa tatu, ndipo akaja mtoto wa pili na wa tatu, kwa hiyo hoja ya posta siwezi kusema ilithibitishwa mara moja. Shangazi yangu kwa muda mrefu alisema haikuthibitishwa kabisa.

Baba alianza kuja kila siku ya soko. Kisha akaanza kuja hata siku isiyo ya soko. Alikaa barazani tangu lori la asubuhi mpaka lori la jioni, akipokea watu wa kwetu waliofika mjini, akitatua kesi za mipaka, akinywa uji na kahawa ambavyo mke wangu alimpitishia kwa ncha ya mlango huku amegeuza uso. Tulihamia mjini tuwe wawili. Ukitaka hesabu ya haki, kulikuwa na siku tulikuwa wawili, na nyingi tulikuwa wawili na baraza.

Siku moja, mtoto wetu wa kwanza akiwa amekwisha kutembea, nilimwuliza mke wangu jambo nililolibeba muda mrefu.

“Maneno yale ya posta. Wewe ndiwe uliyemwambia yule mama ayaseme?”

Alikuwa anafunga kitambaa kichwani aende soko. “Mimi? Mimi nilimwambia amwambie tata kwamba chumba kina hewa.”

“Hiyo tu?”

“Hiyo tu. Yeye ndiye aliyeniuliza, kwani huyu mzee anasumbuliwa na hewa?”

“Na wewe ukamjibu nini?”

Nje baba alikuwa anamweleza mtu, kwa sauti ya mwenye mji, jinsi ya kujua ukuta mkavu kwa kuupiga fimbo. Mke wangu alisikiliza kidogo, akainua kikapu. Alisema kwamba jua linapanda na nyama nzuri zitakwisha, akatoka kwa mlango wa uani, kwa sababu wa mbele ulikuwa na mkwe.